Riwaya zinazojua kazi za watu: maoni mafupi ya vitabu nilivyosoma karibuni

Wakuu, salaam.

Tangu masika yaanze nimekuwa nikisoma mfululizo, vingi vikiwa vitabu vya zamani ambavyo wengi wetu tulivikuta shuleni au kwenye kabati la mzee nyumbani. Nimeona niweke maoni yangu hapa, mafupi mafupi, na wenye kuvijua wachangie.

Sitavipa nyota, wala sitachambua dhamira, wahusika na mandhari kama tulivyofundishwa kidato cha nne. Nakipima kitabu kwa swali moja: je, mwandishi anazijua kazi wanazofanya watu wake? Mhusika akiwa mvuvi, nataka kumwona akivua. Akiwa na duka, nataka nijue anamkopesha nani na anamnyima nani. Mwandishi akilijua hilo, namwamini hata anapofika kwenye mapenzi na dhuluma. Asipolijua, maneno yawe matamu namna gani, hayanishiki.

Nasema hivi nikiwa mtu wa ghala, Kurasini. Kutwa niko na makarani, madereva wa malori na wachukuzi. Kwa hiyo naanza na hiki.

Kuli, Adam Shafi (1979)

Bandari ya Unguja wakati wa Mwingereza, kijana Rashidi, na mgomo wa makuli wa 1948, ambao ulitokea kweli. Wengi hukisifu kwa siasa yake. Mimi nakisifu kwa mizigo. Aliyewahi kusimama pembeni ya lori linaposhushwa anajua kwamba gunia halichoshi kwa uzito peke yake. Linachosha kwa ule ubao mwembamba wa kupandia na kushukia, na kwa mwenzako aliye nyuma yako anayekuhimiza kwa sababu naye analipwa kwa idadi. Ukisimama, umemsimamisha na yeye. Adam Shafi anaijua dunia hiyo ya kibarua, ya leo ipo kesho haipo, na ya tajiri asiyemjua mtu kwa jina. Ndiyo maana mgomo unapofika huhitaji kushawishiwa, umeshauona mwili wa kuli na umeshaelewa. Hotuba za chama kule mbele zinarefuka, hilo nalisema bila kuficha. Mwandishi alishashinda kesi yake kabla ya kuanza kuhutubia.

Nilikisoma pia Haini (2003), cha mwandishi huyohuyo. Kinahusu waliokamatwa Zanzibar baada ya Karume kuuawa Aprili 1972, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa ndani. Kitabu kizito. Kilichoniumiza zaidi ya mateso ni zile saa zisizo na shughuli, mtu mzima mwenye mikono yake miwili anakaa tu akisikiliza nyayo za walinzi.

Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, Aniceti Kitereza

Hapa nitakaa kidogo. Kitereza alizaliwa 1896 kisiwani Ukerewe. Alimaliza kuandika kitabu hiki kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kukichapa, mwishowe akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili akiwa mzee. Tanzania Publishing House ikakitoa 1980 kwa majuzuu mawili. Mwandishi akafariki 1981, nakala hazijamfikia. Miaka 35 ya kungoja, halafu hakukishika. Kila nikikifungua nalikumbuka hilo, na linanikera kama jambo la jana.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Mume na mke wanapendana, hawajajaaliwa watoto, maneno ya ukoo wa mume yanazidi, wazazi wa mke wanaamua kumchukua binti yao. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba mkewe arudi, anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Mwandishi mwingine angesema akapeleka pombe, mke akarudi, yakaisha. Kitereza anakukalisha chini. Kuna ndizi za kuivisha, kuna kumenya, kuna kukamua kwa majani mpaka maji yatoke, kuna watu wa kuwaita waje kusaidia, kuna vyombo vya kuazima kwa jirani. Na wewe msomaji unajikuta unahesabu siku pamoja na Myombekere, kwa kuwa kila siku pombe haijaiva ni siku nyingine anayolala peke yake. Ile pombe ndiyo barua yake ya mapenzi.

Wapo wanaolalamika kwamba kitabu kinasimama kila mara kueleza mila. Mimi sioni kama kinasimama. Mtu anapolima, anapovua, anapojenga, anapompokea mgeni na kumsindikiza mpaka njia panda, hapo ndipo tunapojua ni mtu wa namna gani. Myombekere ni mvumilivu, na Kitereza hakuhitaji kutuambia. Alituonyesha anavyofanya kazi. Hata dawa ya mganga haiponyi mara moja, ina masharti, ina safari za kwenda na kurudi, ina malipo, na watu wa nyumba nzima wanaingizwa humo.

Juzuu la pili, linalofuata maisha ya watoto wao, limelegea. Ntulanalwo simshiki kama ninavyomshika baba yake. Lakini nikiulizwa ni kitabu gani cha Kiswahili kinastahili kuwa katika kila maktaba ya wilaya, nitakitaja hiki kabla ya vingine vyote.

Peponi, Abdulrazak Gurnah (tafsiri ya Ida Hadjivayanis)

Kwa Kiingereza kinaitwa Paradise, kilitoka 1994 kikaingia orodha fupi ya tuzo ya Booker. Gurnah, mzaliwa wa Unguja, akapata Nobel 2021, na wachapishaji Mkuki na Nyota wakatuletea Kiswahili chake 2022. Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomtoa kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Tajiri huyu kila alipofika nyumbani kwao alikuwa akimpa mtoto sarafu, na mtoto alikuwa akiingojea ile sarafu. Kumbe deni linaongezeka chumba cha pili.

Watu huzungumzia sana safari ya bara, na ni kweli safari ile inatisha: mnyapara Mohammed Abdalla na ukali wake, wapagazi wanaougua njiani, hongo (ada ya kupita) kwa kila mtawala, mpaka kwa Chatu ambako tajiri anapokonywa mali yake. Lakini mimi nimebaki dukani. Khalil, kijana mwingine aliyewekwa rehani, ndiye anayeliendesha duka. Anataniana na wateja, anawabembeleza, anawafokea, anahesabu fedha ya mtu mwingine mpaka senti ya mwisho, kisha usiku wanalala barazani nje ya duka lilelile. Yusuf anajifunza kuuza kabla hajaelewa kwamba na yeye ni mali iliyowekwa humo. Sijasoma mahali pengine utumwa wa deni ukielezwa kwa utulivu wa namna hiyo, bila kelele, kwa hesabu za jioni tu.

Mwisho siusemi. Nilikasirika, nikarudia kurasa za nyuma, nikaona usingeweza kuwa mwingine.

Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe

Ukimaliza Peponi soma hiki mara moja. Hiki si riwaya, ni habari za maisha yake alizozieleza mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazitoa mwanzoni mwa karne ya 20. Tippu Tip alifariki Unguja 1905. Huyu ni tajiri wa aina ya yule wa Peponi, safari hii yeye ndiye anayesema. Anachokumbuka ni frasila za pembe, nani alimkopesha bidhaa, bei ilikuwa ngapi, vita ilipiganwa wapi. Wapagazi wakitoroka, anawasaka. Majina ya matajiri anayakumbuka vizuri. Aliyebeba pembe begani kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, mpaka pwani hana jina. Frasila moja ni karibu kilo 16. Kila anapotaja frasila, jiulizeni zilikaa kwenye mabega ya nani. Ni kitabu kinachoijua kazi sana, ila ni kazi ya upande mmoja tu, na kwa sababu hiyo kila mtu anapaswa kukisoma akiwa macho.

Utubora Mkulima na Kusadikika, Shaaban Robert

Najua hapa nitapata upinzani. Utubora Mkulima (kilitoka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki) kinamhusu karani anayeacha kazi ya mshahara mjini akaenda kulima Busutamu. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 mpaka 1944, na inaonekana: uchovu wa meza ya ofisi anaujua. Shamba halijui vivyo hivyo. Busutamu ni shamba la hoja kuliko la jembe. Utubora anasema mambo mazuri mno juu ya ardhi, lakini simwoni akihangaika na nguruwe, na mvua iliyochelewa, na mbegu iliyooza. Kiswahili chake ni cha kusoma kwa sauti, hilo halina ubishi.

Kusadikika (1951) ni tofauti. Hakuna jembe wala duka, nchi yenyewe inaelea hewani, na bado naona kinaijua kazi yake kuliko Utubora. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huko wakarudi na maarifa, wakalipwa kifungo. Kutetea kwa hoja ndiyo kazi, na tunaiona ikifanyika siku baada ya siku mbele ya baraza. Kuliandika hilo chini ya serikali ya kikoloni, na likachapwa, ni jambo kubwa.

Nyota ya Rehema, Mohamed Suleiman Mohamed (1976)

Kwa ufupi: soma. Rehema na Sulubu wanalihangaikia shamba la Ramwe, jasho lao linaingia pale, halafu inafufuka habari ya nani mrithi halali. Swali la ardhi ni ya nani, ya mwenye karatasi au ya mwenye jembe, sijaliona likiulizwa kwa uchungu zaidi. Kiu (1972), kitabu chake kingine, ni kizuri lakini chembamba kwangu. Watu wote mle wanataka fedha, na sioni inatoka wapi.

—

Nimerudi. Nashukuru kwa michango. Naanza na mkuu huyu:

> Wewe unataka riwaya au unataka mwongozo wa kilimo? Fasihi ni moyo wa mtu, siyo namna ya kukamua ndizi.

Mkuu, nimekuelewa, ila naona moyo wa mtu unajitokeza pale anapokuwa na kitu mkononi. Chukua Khalil wa Peponi. Gurnah angeweza kuandika kurasa tano za huzuni yake. Badala yake anampa mteja wa kubishana naye, na katika kubishana huko unaona kijana aliyejifunza kuchekesha watu ili asilie. Chukua mama yeyote mtaani kwenu. Utajua kama ana amani kwa jinsi anavyopepeta mchele, si kwa kumuuliza. Sisemi riwaya ieleze kila kitu. Nasema isitupe mhusika aliyeandikiwa kazi moja katika sura ya kwanza kisha asiifanye tena mpaka kitabu kinaisha. Vipo vingi vya hivyo, na humo wahusika wanaongea tu.

> Mbona kazi zote ulizotaja ni za wanaume? Mkunga, mfinyanzi, mama ntilie hawafanyi kazi?

Dada, swali hili ni zito kuliko uzi wenyewe. Nijaribu.

Wasifu wa Siti binti Saad (1958), wa Shaaban Robert. Siti, mwimbaji wa taarab, alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880. Kabla ya umaarufu alikuwa akiuza vyungu, akitembea navyo na kuimba ili wanunuzi wajue anapita. Mwaka 1911 akahamia mjini, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Kitabu ni kifupi na kimejaa sifa, na sifa anazistahili. Ila mimi nilitaka vyungu zaidi. Nilitaka nijue udongo ulitoka wapi, vilichomwa vipi, alibeba vingapi kichwani, vilivyovunjika alilipa nani. Sauti iliyozoea kumfikia mtu aliye ndani ya nyumba yake, barabarani kukiwa na jua kali, haikutokea bure. Ilifanyishwa kazi miaka mingi kabla ya santuri.

Nguzo Mama (1982), tamthilia ya Penina Muhando. Wanawake wa kijiji cha Patata, Bi Moja, Bi Pili mpaka Bi Nane, wanatakiwa kuisimamisha nguzo. Kila wakishika kamba, mmoja ana la nyumbani linalomvuta. Watu hukisoma kama kitabu cha kuwalaumu wanawake kwa kutoelewana. Mimi nakisoma kama kitabu cha watu waliopewa kazi ya ziada juu ya kazi walizonazo tayari. Nguzo haisimami kwa sababu hakuna aliyewapunguzia mzigo wowote kwanza. Nimekipenda sana na ningependa kukiona jukwaani.

Utengano (1980), Said Ahmed Mohamed. Maksuudi anamfungia binti yake Maimuna ndani, asitoke, asijue. Kinachonishika ni kwamba Maimuna anapotoka hatimaye, hana kazi yoyote anayoijua wala mji anaoujua. Hajawahi kwenda hata sokoni. Yanayompata baadaye, ulevi na watu wanaouza miili ya wengine, yamepandwa na ule mlango uliofungwa. Mwandishi angetaka kumhukumu Maimuna angeweza kwa urahisi. Hakufanya hivyo, na ninamheshimu kwa hilo.

> Za upelelezi husomi? Bwana Msa ana kazi gani?

Nasoma! Mzimu wa Watu wa Kale (1960) cha Muhammed Said Abdulla nimekirudia mwezi uliopita. Bwana Msa kazi yake ni kuuliza na kunyamaza. Anawasha kiko, anamwacha mtu aseme, na kule kusema ndiko anakomnasa. Ni upelelezi wa barazani, wa watu wanaojuana ukoo kwa ukoo. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni mwendo mwingine, bastola, ndege na hoteli kubwa, na nikiwa safarini ndiye ninayemchukua. Ila nikimaliza sikumbuki mji niliokuwemo. Kwa Bwana Msa nakumbuka mpaka kivuli cha miembe.

> Kezilahabi umemruka kwa makusudi?

Hapana mkuu, nilimwachia nafasi. Rosa Mistika (1971) wengi mnakijua, na mnajua kwamba awali kilizuiwa mashuleni kisha kikaja kufundishwa. Ukerewe tena, kisiwa cha Kitereza, na ukivisoma vitabu hivi viwili kwa kufuatana unaumia. Kwa Kitereza mwanamume anatembea mpaka ukweni na pombe aliyoipika kwa shida ili mkewe arudi. Kwa Kezilahabi pombe inamla Zakaria, baba yake Rosa, na Regina, mkewe, ndiye anayeibeba nyumba, analima, anatafuta ada ya Rosa. Zakaria anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na woga ule unamfuata binti mpaka shuleni, mpaka chuoni. Kila mtu hujadili tabia za Rosa. Mimi naomba msome tena kurasa za Regina, taratibu. Bila yeye kitabu kizima kinaanguka.

Gamba la Nyoka (1979) nacho kinafaa kwa wanaobishana kila siku humu kuhusu vijiji vya ujamaa. Kinaonyesha watu wakihamishwa, na kinawapa nafasi ya kusema wale waliokataa. Tatizo langu ni kwamba vijana wasomi wanapewa maneno mengi kuliko wakulima wenyewe.

Nagona (1990) na Mzingile (1991) sitaviwekea maoni leo. Vinataka uzi wao, na mtu aliyevisoma zaidi yangu.

Kuhusu mahali pa kupata: Peponi ipo kwenye duka la TPH (Tanzania Publishing House) mtaa wa Samora, Dar. Vya Adam Shafi na Shaaban Robert hupatikana kwa wauza vitabu wa kando ya barabara pale Posta, kagueni kwanza kama kurasa zote zipo. Kitereza ndiye tabu. Nakala niliyosoma ni ya kuazima na mwenyewe anaitaka wiki ijayo. Mwenye majuzuu yote mawili, chapa ya 1980, hata kama jalada limechanika, aniandikie bei yake.